NEMO SEBULENI SAWA, ILA MATUMBAWE YAACHWE BAHARINI!

Staa mmoja wa kike mwenye wafuasi kibao kawasha moto Insta wikiendi hii. Kaposti video ya sebule yake mpya: ukutani tanki kubwa la maji chumvi, ndani wanaogelea Nemo wawili na Dory mmoja wa bluu, chini matumbawe yanang'aa kwenye taa. Haikupita hata saa, mtangazaji mmoja wa redio akamvaa, eti huyo ni mwizi wa bahari. Timu zikagawanyika, matusi yakaanza, ishu yenyewe ikapotea.

Ishu yenyewe ni kwamba vitu vitatu vilivyomo kwenye lile tanki havilingani hata kidogo.

Nemo anazalishwa kwenye matanki miaka mingi sasa. Ukinunua wa hivyo hujaigusa bahari. Wa kutoka baharini ni habari nyingine. Kwenye kila familia yao jike ndo mkubwa kuliko wote, na akichukuliwa, dume lake linageuka kuwa jike na kuzaa kunasimama kwanza. Mtu akirudi kila wiki kwenye mwamba uleule, familia inaisha.

Dory ndo balaa. Filamu ilitoka 2003, watoto dunia nzima wakampenda, lakini kumzalisha kulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 huko Florida, Marekani. Ina maana wanaouzwa wengi wametolewa baharini. Na samaki wengi wa ukoo wake wanakula mwani. Wakipungua, mwani unayafunika matumbawe.

Matumbawe sasa ndo kesi kubwa. Yale sio mawe jamani, ni wanyama, na mengi yanakua taratibu mno. Tena yameshapigika. Mwaka 1998 joto la bahari liliyageuza meupe na kuua mengi pwani ya Afrika Mashariki, na bado kuna wavuvi wa mabomu. Kipande kinachopendezesha sebule kilikuwa nyumba ya samaki ambao mvuvi anawategemea kupata ugali.

Timu Mtangazaji wanasema pigeni marufuku kila kitu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa studio na kiyoyozi. Pwani ya Kenya, kuanzia Kilifi hadi Shimoni, kuna wazamiaji wanaosomesha watoto kwa samaki wa mapambo. Mzamiaji anayekamata mmoja mmoja kwa kijavu kidogo ana kila sababu ya kuulinda mwamba, maana mwamba ukifa na yeye hana kazi. Mfungie leo, kesho unaweza kumkuta kwenye juya linalosomba mpaka vitoto.

Ila Timu Staa nao wasijifanye hawajui. Ufilipino na Indonesia kuna watu wamekuwa wakipuliza sumu ya sianidi kwenye miamba ili samaki walewe wakamatike kirahisi, na matumbawe yanakufa palepale. Indonesia ilisimamisha kuuza matumbawe nje mwaka 2018, ikafungulia tena 2020. Hawaii walikwenda kivingine: mwaka 2017 mahakama ya juu ilisema vibali visitoke mpaka athari kwa mazingira zichunguzwe. Hapo ndo penye akili. Kwanza pimeni, halafu toeni kibali.

Kupenda samaki sio kosa. Kosa ni kuonyesha tanki na kunyamaza kuhusu lilikotoka, wakati maelfu ya wafuasi wako wanatamani la kwao. Staa aseme tu. Kama Nemo ni wa kuzalishwa na matumbawe yamekuzwa shambani, mtangazaji amwombe radhi hadharani. Kama yamekatwa baharini, abaki na Nemo wake, na asiagize tena.

Haya wadau, tupieni komenti: abanwe mvuvi anayetafuta riziki, au aulizwe kwanza mwenye hela anayenunua?