Chuo kinajua mapema nani anazama, mbona kinanyamaza?



Nina dukuduku kuhusu vijana wanaoingia vyuo vikuu vyetu kusoma uhandisi, sayansi na hisabati, kisha wakakatishwa masomo hata kabla ya kufika mwaka wa pili. Udahili unapofunguliwa tunatangaziwa kwa mbwembwe nafasi zilizopo. Kwenye mahafali tunasomewa waliohitimu, fani kwa fani. Walioishia njiani hawasomwi popote. Habari zao tunazipata mitaani kwa neno moja tu: "Amedisko." Basi, hapo mjadala umefungwa, kijana ameonekana mvivu na mzazi amebaki na aibu yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na miaka yangu mingi nimefundisha kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Mmoja wa wanafunzi wangu, binti aliyepata daraja la kwanza, alichaguliwa kusoma uhandisi wa umeme katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, naye chuo kilikuwa kimemwishia. Alikuja kwangu na bahasha ya karatasi zake, nami nikaanza na tesiti ya kwanza ya kalkulasi. Swali la pili alilianza vizuri: kanuni ni sahihi, mistari miwili ya mwanzo haina doa. Mstari wa tatu akakosea alama moja ya kutoa. Kuanzia hapo hadi chini ya ukurasa msahihishaji alivuta mstari mwekundu mmoja mrefu, akaandika sita chini ya ishirini. Hakukuwa na neno la kumwonyesha alipopotea, wala la kumwita ofisini. Tena karatasi hiyo alirudishiwa mtihani wa mwisho wa muhula ukiwa mlangoni.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Katika vyuo vyetu vingi, alama 40 hutokana na kazi za muhula na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Maana yake ni kwamba muhula ukifika katikati, chuo tayari kina alama za tesiti mkononi. Kinajua ni nani yuko salama na ni nani anazama. Lakini taarifa hiyo inalala kwenye kompyuta ya idara hadi matokeo ya mwisho yatoke, ndipo igeuke hukumu. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, inakuja wakati wa likizo, na kijana anairudia peke yake kama alivyosoma peke yake. Akiikosa, ndiyo kwaheri.

Simlaumu mhadhiri mmoja mmoja. Anayefundisha kalkulasi ya mwaka wa kwanza ana mamia ya wanafunzi ukumbini, wengine wamesimama milangoni. Semina anaachiwa mwalimu msaidizi ambaye naye anahangaika na shahada yake ya uzamili. Ninachohoji ni utaratibu. Kwenye makaratasi, kila mwanafunzi ana mshauri wake wa kitaaluma. Binti huyu alionana na wake mara moja tu, siku ya kusainiwa fomu ya kozi.

Zingatia pia hali wanayoanza nayo wanafunzi. Mikopo hutangazwa kwa awamu, na wanaokosa hukata rufaa. Aliyepata mkopo awamu ya kwanza ameshakaa darasani, ila yule wa awamu ya tatu bado anatafuta pa kulala, au yuko nyumbani akisubiri nauli. Tesiti ya kwanza haimsubiri mtu. Bumu, yaani fedha ya mkopo, linapoingia, yeye tayari ana mada tatu ambazo hazijui. Wengi wao wametoka shule za kata, ambako mengi ya maabara waliyaona yakichorwa ubaoni. Wamefika chuoni kwa jitihada, kwa hiyo uvivu si jibu.

Najua watakaosema: hawa hawakuandaliwa, hawana ari, au mji umewapagawisha. Hoja hiyo ina umri mrefu, na ilishapimwa. Miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini Wamarekani weusi wengi walifeli kalkulasi huku wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Maprofesa walimwambia hayo hayo: ari, maandalizi, familia. Treisman akawafuata wanafunzi wanakosomea, akaona jambo jingine. Wanafunzi weusi walijifungia, wakasoma kwa bidii, kila mtu kivyake. Wenzao walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakakosoana na kujua mapema wamekosea wapi. Alichofanya ni kuanzisha vikundi vya kufanya maswali pamoja, na maswali yenyewe yalikuwa magumu kuliko ya darasani. Matokeo ya walioshiriki yalipanda wazi.

Hilo la maswali magumu nalisisitiza kwa sababu kila tukizungumzia jambo hili hutokea mtu akauliza kama tunataka wahandisi wa kubebwa, madaraja yatuangukie. Hapana. Mtihani ubaki mgumu, na asiyeweza baada ya kusaidiwa aende fani nyingine. Ninachodai ni kwamba aliyekosea alama ya kutoa wiki ya sita aambiwe wiki ya saba.

Na fedha? Serikali haikosi fedha za elimu ya juu. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2021 dola za Marekani milioni 425, na leo majengo na maabara vinainuka katika vyuo vya umma. Tangu 2022 upo Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi. Yote ni mema. Lakini ufadhili huo ni wa walio kileleni, na maabara mpya haimrudishi aliyekwisha ondoka. Tena aliyesoma kwa mkopo akakatishwa masomo haondoki mikono mitupu: anaondoka na deni la Bodi ya Mikopo. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia shahada asiyokuwa nayo. Taifa nalo limelipa ada yake na limempoteza mhandisi.

Kwa hiyo, kwanza naiomba Tume ya Vyuo Vikuu iviagize vyuo vitangaze kila mwaka, kozi kwa kozi, ni wangapi walioanza mwaka wa kwanza na wangapi waliovuka kwenda wa pili, ili mzazi anapomsaidia mtoto kuchagua aione hesabu hiyo. Pili, vyuo navyo vitenge mfuko mdogo wa dharura kwa wale wanaozuiwa kufanya mtihani kwa kubakiza kiasi kidogo cha ada. Georgia State University ya Atlanta ilianza kufanya hivyo mwaka 2011, ikiwalipia deni dogo wanafunzi waliokuwa karibu kuondolewa. Mwaka uliofuata ikaanza kufuatilia alama na mwenendo wa kila mwanafunzi ili dalili mbaya ikijitokeza mshauri amtafute yeye, badala ya kumngoja aje. Chuo hicho kina wanafunzi maelfu kwa maelfu, wengi wao wa familia za kipato cha chini. Hivyo wingi wa wanafunzi usiwe kisingizio chetu.

Tatu, na hili ndilo la haraka, kila idara iweke vikundi vya maswali kwa kozi zinazojulikana kwa kuangusha. Kila chuo kinazijua, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukuta wamekwisha tajiwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu vizuri wanaweza kuviongoza kwa posho ndogo, na jioni madarasa yapo.

Kama kuna mkuu wa idara anayesoma barua hii, hana haja ya kusubiri waraka wa wizara. Tesiti za muhula huu zikishasahihishwa, achukue orodha, apige mstari chini ya majina yenye alama hafifu, na awaite wote wiki hiyo hiyo. Kazi hiyo inataka kalamu na alasiri moja.

Wako,
Mwalimu Mstaafu wa Hisabati,
Singida.