Mwanafunzi wa ughaibuni alinganishe mifumo, si watu

Kila mwaka vijana wa Tanzania na Kenya huondoka kwenda kusoma Ujerumani, na kabla hawajazoea hata baridi huanza kulinganisha. Kule basi lina saa yake, huku unasubiri mpaka lijae. Kule watu wanapanga foleni, huku tunasukumana. Kwa wengine ulinganisho huo huishia kwenye dharau: sisi ndivyo tulivyo, hatubadiliki. Wengine upweke ukiwazidi hugeuka na kusema Wazungu hawana utu, jirani hamjui jirani. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, kumbe zina kosa moja: zote zinachukua tabia ya watu kuwa ndiyo maelezo ya kila kitu. Ninavyoona mimi, ulinganisho wa mwanafunzi utatufaa pale tu atakapoacha kupima watu na kuanza kuchunguza utaratibu unaowaongoza: nani analipa, nani anasimamia, na anayekiuka anapatwa na nini.

Tuchukue chupa ya maji ya plastiki. Tangu mwaka 2003 Ujerumani inatoza amana kwenye makopo na chupa za plastiki za kutumika mara moja, na leo amana hiyo ni senti 25 za yuro kwa kila moja. Mteja hurudi dukani na mfuko wa chupa tupu, anazitumbukiza moja moja kwenye mashine, mashine inasoma alama, kisha inatoa karatasi ambayo keshia anaibadili kuwa pesa au kuikata kwenye bei ya manunuzi. Mwanafunzi mgeni anaona mitaa haina chupa, anahitimisha kwamba wenyeji wamelelewa vizuri. Lakini akumbuke duka la mtaani kwao. Soda ya chupa ya kioo huondoki nayo mpaka uache chupa tupu au pesa ya chupa, na ndiyo maana chupa hizo huzikuti mtaroni. Zinazoziba mitaro ya Dar es Salaam na Mombasa ni za plastiki, ambazo mnunuzi haoni faida ya kuzirudisha. Watu ni wale wale na mtaa ni ule ule. Kilichotofautiana ni utaratibu.

Wapo watakaosema nidhamu ndiyo mama wa yote, na kwamba utaratibu mzuri ukiwekwa mikononi mwa watu wasio na nidhamu utakufa. Hoja hii ina uzito, kwa sababu hakuna sheria inayojitekeleza yenyewe. Hata hivyo, ushahidi hauiungi mkono kwa kiasi kinachodhaniwa. Mwaka 2024 shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilifikisha kwa wakati asilimia 62.5 tu ya treni zake za masafa marefu, tena kwa kipimo ambacho treni iliyochelewa chini ya dakika sita inahesabiwa kuwa imewahi. Wajerumani hawakuamka siku moja wakiwa wazembe. Njia za reli zilichakaa kwa miaka mingi bila kuwekezewa vya kutosha, na matengenezo yaliyorundikana yanazidi kukwamisha safari. Kwa upande mwingine, abiria wanaogombania daladala ndio hao hao wanaopanda treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma wakiwa na tiketi zenye namba ya behewa na kiti, na hawagombani. Nani atasukumana wakati kiti chake kinamsubiri?

Pingamizi la pili ni fedha: Ujerumani ni tajiri, sisi hatuna. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na mwanafunzi analijua hilo kabla ya kupanda ndege, kwani asiye na ufadhili wala mdhamini kwa kawaida huonyesha yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kwenye akaunti maalumu, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Lakini utajiri hauelezi yote. Bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1883, wakati nchi hiyo ilikuwa maskini mno ukilinganisha na ilivyo leo. Haikungoja itajirike kwanza. Na malipo ya simu yanatupa ushahidi wa upande wa pili: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo bodaboda na muuza mboga wanalipwa kwa simu, ilhali Ujerumani, pamoja na utajiri wake, bado kuna maduka ya mikate yanayotaka noti na sarafu tu. Kama pesa ndiyo ingeamua, mambo yangekuwa kinyume.

Pingamizi la tatu linagusa moyo zaidi. Wengine wanahofu kwamba tukifuata mifumo hiyo tutapoteza undugu wetu na kuishi kila mtu na mlango wake. Upweke wa wanafunzi ughaibuni ni wa kweli na hautakiwi kubezwa. Lakini tuangalie undugu wetu unabeba nini. Mtu akilazwa, kundi la familia la WhatsApp linageuka kuwa mfuko wa matibabu: mwenye mshahara anatuma, na mwenye deni anakopa ili naye atume. Ni upendo, lakini pia ni bima isiyo na sheria, na asiye na ndugu wenye kipato hana pa kushika. Bima ya kweli haimzuii mtu kwenda kumjulia hali mgonjwa. Inamwondolea tu hofu ya kukabidhiwa ankara mlangoni. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfuko wake mpya wa afya ya jamii mwaka 2024. Hapa ndipo kijana aliyeishi chini ya utaratibu kama huo, asiyeweza kusajiliwa chuoni bila uthibitisho wa bima, angetusaidia kwa kueleza michango inakatwaje, malalamiko yanapelekwa wapi, na mfumo wenyewe unakwama wapi.

Kwa hiyo wazazi na wahariri tusiridhike na simulizi za barabara safi na theluji. Tuwaulize vijana wetu maswali magumu zaidi. Kwa mfano, kule duka hufungwa Jumapili: ni sheria gani inamlinda mhudumu ili naye apumzike, na wa kwetu anayesimama siku saba analindwa na nani? Kijana anayeweza kujibu maswali kama hayo hatarudi na dharau wala hatatudanganya kwamba kila cha nyumbani ni kizuri. Atarudi na kitu ambacho diwani, mbunge na mwananchi wa kawaida wanaweza kukijadili, kukirekebisha na kukijaribu. Tukiendelea kuamini kwamba tofauti iko kwenye damu, hatutadai chochote kutoka kwa viongozi wala kwetu wenyewe. Tukikubali kwamba iko kwenye utaratibu, basi tuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wetu.