Mpiga Picha Akimbiaye Baridi

Kila sanaa ina uzushi wake unaopendwa na wafuasi wake kuliko ukweli. Uzushi wa wapiga picha wengi wa zama hizi ni kwamba ilhamu hukaa mbali. Mpiga picha wa Ulaya ya kaskazini aonapo Desemba imeingia, mawingu yametanda na jua limekuwa la kuazima, hujisemea kwamba mji wake umekwisha, jicho lake limechoka, na hapana dawa illa tiketi ya ndege. Hushuka Unguja au Lamu, hukaa siku kumi, hurudi kwao na picha elfu tatu, kisha huandika fikira zake juu ya maisha ya wenyeji na jinsi moyo wake ulivyozaliwa upya. Dai hili limerudiwa mara nyingi hata limepata heshima ya methali. Walakini wingi wa wasemaji haujapata kuwa ushahidi. Dai lenyewe ni bovu katika sanaa, na lina madhara kwa watu wanaofanywa kuwa dawa ya uchovu wa wengine.

Isidhaniwe kwamba ugomvi huu ni juu ya mapumziko. Baridi ya kaskazini si hadithi. Katika Stockholm, mwishoni mwa Desemba, jua hukaa juu ya upeo kwa muda wa saa sita tu, na mara nyingi hata saa hizo sita humezwa na mawingu. Mtu aliyechoka na giza ana haki ya kuota jua kama mwenye njaa alivyo na haki ya kula, na hapana mwungwana atakayemnyima mgeni bahari. Kinachobishaniwa hapa ni jina. Mapumziko yakiitwa mapumziko hayana lawama. Yakivishwa joho la ilhamu, yakadai kwamba yamegundua maisha ya watu ambao hata salamu yao haijajibiwa sawasawa, yamejitwalia sifa isiyo yao.

Mdai huombwa mashahidi, na mashahidi wa upande wa pili wapo. Wa kwanza ni Josef Sudek, aliyezaliwa mwaka 1896 katika mji wa Kolín na kufa Prague mwaka 1976. Sudek alijifunza kwanza kazi ya kujalidi vitabu. Vita Kuu ya kwanza ilimpeleka mstari wa mbele wa Italia, akapoteza mkono wake wa kuume, na kazi ya kujalidi ikawa haiwezekani tena. Akashika kamera. Mwaka 1926 alifuatana na wanamuziki rafiki zake kwenda Italia, akawaacha njiani, akaenda kutafuta mahali alipoumizwa. Alirudi baada ya miezi miwili hivi, na tangu hapo akaachana na safari za mbali. Mwaka 1940, Prague ikiwa chini ya Wajerumani na kubeba kamera barabarani kukiwa ni kujitia mashakani, alianza kupiga picha za dirisha la kibanda chake cha kazi. Vitu vilivyokuwapo vilikuwa vichache: kioo, mti mmoja uliopinda uani, umande, matone ya mvua, theluji, na gilasi iliyowekwa juu ya kizingiti.

Mpinzani ataruka aseme kwamba mtu huyo alifungiwa, hakuchagua. Jibu limo katika tarehe. Vita viliisha mwaka 1945, na Sudek aliendelea na dirisha lile hata mwaka 1954. Kwa muda wa miaka tisa baada ya mlango kufunguliwa alibaki pale kwa hiari yake, kwa sababu kioo kile kilikuwa hakijamaliza maneno yake. Baridi ambayo wengine huikimbia ndiyo iliyochora kioo hicho kila asubuhi.

Shahidi wa pili ni mkulima. Wilson Bentley wa kijiji cha Jericho, katika jimbo la Vermont, Marekani, alizaliwa mwaka 1865. Tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka ishirini, alifaulu kupiga picha ya chembe ya theluji kwa kuunganisha kamera na hadubini. Kazi hiyo aliifanya katika chumba kisicho na moto, akizuia pumzi yake isiyeyushe kitu alichokuwa akikitazama. Kwa muda wa miaka zaidi ya arubaini alikusanya picha zaidi ya 5,000, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1931, mwaka ule ule aliokufa. Laiti Bentley angalifuata mashauri ya leo, akafunga shamba kila Januari na kwenda kutafuta ilhamu penye joto, dunia ingalipata picha nyingine za minazi, na ingalikosa theluji.

Hapo watetezi wa safari huleta methali: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kuokota si kulima. Huleta pia jina la Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, aliyekwenda Tangier mwezi wa Januari 1912, na tena mwishoni mwa mwaka ule ule, akarudi na picha zilizosifiwa ulimwenguni. Jina hilo ni zito, na halifai kukwepwa. Lakini hebu litazamwe vizuri. Matisse alikaa miezi, si siku. Alipofika alipokewa na mvua iliyonyesha majuma mawili, akabaki katika chumba cha hoteli, akachora maua ndani ya jagi. Hakungoja Tangier ya kwenye ndoto. Alifanya kazi na kile kilichokuwa mbele yake, kwa jicho lililokwisha kufanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Safari haikumpa jicho. Alilichukua kutoka kwao. Tena mchoraji anaweza kurudi nyumbani akasahihisha kwa kumbukumbu. Mpiga picha hupata kile tu kilichosimama mbele ya kamera kwa dakika ile. Kwa hiyo, ikiwa mchoraji alihitaji miezi, mpiga picha anahitaji zaidi, wala si pungufu.

Na sasa igeuzwe kamera upande wa pwani. Waswahili hawakuanza jana kupokea wageni wa Desemba. Miezi ile ile ambayo Ulaya hutetemeka ndiyo miezi ya kaskazi, na kwa karne nyingi upepo huo ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Lakini upepo ulikuwa mwalimu mwenye adabu. Mgeni aliyekuja na kaskazi hakuweza kuondoka mpaka kusi livume, na katika kungoja huko alilazimika kupanga nyumba, kununua na kukopa, kujifunza lugha, kuhudhuria maziko na harusi. Wengine walioa, wakazaa, wakazikwa hapa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: upepo wenyewe ndio uliompa jembe. Ndege imeondoa ungojaji huo. Mgeni wa leo huondoka siku ya kumi, na jembe limeegemea ukutani.

Si kwamba mgeni hawezi kuona. Alan Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait liitwalo Bayan katika bandari ya Aden mwezi wa Desemba 1938. Alikwenda nalo mpaka Unguja na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walipakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo hata Kuwait katika mwaka 1939. Alilala juu ya ubao walioulalia wenzake na kula walichokula. Picha zake za safari hiyo zimebaki ushahidi mkubwa wa maisha yale. Alikuwa mgeni, na mwenye kasoro za wageni wa wakati wake, lakini alikubali kuongozwa na upepo kama wenziwe. Tofauti kati yake na mtalii wa kamera haiko katika rangi wala pasipoti. Iko katika muda.

Matokeo ya haraka huonekana katika picha zenyewe, nazo zinafanana kama vikombe vya kiwanda kimoja. Mlango wa nakshi. Jahazi mbele ya jua linalotua. Mwanamke wa buibui aliyepigwa kwa nyuma asipojua. Watoto wakikimbia mchangani. Huu waitwa ukweli wa maisha ya wenyeji. Lakini wenyeji wengi wa mji wa Unguja hawakai Mji Mkongwe; wanakaa Ng'ambo na mitaa iliyokua baada yake. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, hayamo katika albamu hizo. Hayamo madarasa ya jioni ya watoto wanaojiandaa kwa mtihani, wala foleni ya zahanati, wala utingo wa daladala anayehesabu sarafu. Zaidi ya yote, masika hayamo. Mwezi wa Aprili na wa Mei hoteli nyingi za pwani hufungwa, na wageni huwa wamekwisha kwenda zao. Kwa hiyo kisiwa wanachokijua hakinyeshi mvua. Mtu asiyepata kuiona Unguja ikiloa, na mifereji ikifurika, na watu wakicheka na kulaani chini ya upenu mmoja, ameona nusu ya mwaka akaiita maisha.

Mfano mmoja watosha. Katika fukwe za Paje na Jambiani wanawake hulima mwani, kazi ya biashara iliyoanza Zanzibar mwaka 1989. Hushuka wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wakainama juu ya kamba zao. Picha ya mwanamke aliyeinama katika maji ya kijani ni nzuri, na hununuliwa. Lakini bahari imezidi joto, na ule mwani wenye bei bora umekuwa ukifa katika maji mafupi, hata wakulima wengine wamelazimika kubaki na ule wa bei ndogo au kuliacha shamba. Habari hiyo haionekani kwa siku kumi. Huonekana kwa yule aliyekuwapo bamvua la mwaka jana, akawapo la mwaka huu, akaona kamba zile zile zikirudi tupu. Mwanamke yule hakuinama ili apendeze.

Kuna tena suala la haki. Pwani ina urithi wake wa upigaji picha. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji wa Unguja mwaka 1930. Huko Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1960, akakata picha na kuziunganisha mpaka zikasema mambo ambayo kamera peke yake haiwezi. Katika studio, mwenye uso alikuwa ndiye bwana wa shauri. Alichagua kanzu au kanga atakayoivaa, siku ya kupigwa, na upande wa uso wake; alilipa, na nakala akaenda nayo nyumbani. Katika picha za mtalii mambo yamegeuka. Mwenye uso hakuombwa, hakuchagua, hakupewa nakala, na hajui uso wake umetundikwa ukuta gani. Uso umeumbwa na haya, na haya hiyo si mali ya mpita njia. Atakayesema kwamba sanaa haiombi ruhusa, na asimame mbele ya mlango wake mwenyewe, apigwe picha akitoka kuoga, kisha arudie maneno hayo.

Lakini lawama isiishie kwa mgeni, maana ingekuwa rahisi mno. Madhara makubwa zaidi yamo kwa vijana wa pwani wenyewe wanaoshika kamera. Wamekwisha kuona picha gani hununuliwa, nao wanazipiga: mlango ule, jahazi lile, jua lile lile. Kijana aliyezaliwa Ng'ambo huvuka barabara kwenda kupiga picha ya Mji Mkongwe kwa jicho la mtu aliyefika jana, na mtaa wake anauona hauna kitu. Penye miti hapana wajenzi. Bibi yake asukaye ukili barazani, ambaye mikono yake itakuwa haipo baada ya miaka michache, hajapigwa picha hata moja isipokuwa ya kitambulisho. Ugonjwa wa kukimbia nyumbani umeambukiza watu wasiokuwa na theluji ya kukimbia.

Basi dawa ni nyepesi kutajwa na ngumu kutumiwa. Mpiga picha wa kaskazini na akae kwao baridi moja nzima, bila kuondoka, apige dirisha lake, ngazi yake na jirani yake mzee apandaye na mfuko wa mkate, mpaka aone kama mji ndio uliokwisha au ni subira yake. Akiona ni lazima aje, na aje kama walivyokuja watu wa kaskazi: angoje kusi, ajifunze kuitikia salamu, aombe kabla ya kupiga, arudishe nakala, na masika yamkute hapa. Na kijana wa pwani asingoje kufundishwa na mgeni thamani ya baraza la kwao. Ukili unasukwa leo, na mwanga wa alasiri umo barazani.