Kikopo cha Mchele Mlangoni

Katika vijiji vingi vya kisiwa cha Java, Indonesia, ulinzi wa usiku huanzia jikoni. Jioni mama hutia mchele kidogo, kiasi cha kufinya kwa vidole, ndani ya kikopo kilichotundikwa nje. Desturi hii huitwa jimpitan. Usiku wanaume wa zamu hupita nyumba kwa nyumba wakiukusanya. Mwizi akionekana au moto ukizuka, hupiga kentongan, yaani gogo lenye uwazi ndani, na kila hatari ina mdundo wake. Mchele huuzwa, fedha zikaingia mfuko wa kijiji. Siku hizi wengi hutia sarafu. Linalotufurahisha sisi ni hili: mchele ukikutwa bado kikoponi asubuhi, mama anajua kuwa walinzi hawakufika mlangoni pake.