Uwanja Uliobaki Bila Timu

Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, kilianza mwaka 1892 kushindana katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kuangushana. Amos Alonzo Stagg aliifundisha timu yake hadi mwaka 1932. Mwaka 1935 mchezaji wake Jay Berwanger akawa wa kwanza kutunukiwa tuzo ambayo sasa huitwa Heisman.

Msimu wa 1939 ukawa wa aibu. Harvard ilipata pointi 61, Michigan 85, Ohio State 61. Chicago haikuambulia hata moja. Desemba hiyo hiyo mkuu wa chuo, Robert Hutchins, aliyeamini kuwa vijana huja chuoni kusoma, aliivunja timu. Wapenzi wake walinung'unika. Lakini ni fahari gani iliyopo katika kuwapeleka vijana wakaumie bure?

Uwanja ukabaki mtupu. Chini ya jukwaa lake la magharibi, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha atomiki, hatua mojawapo kuelekea mabomu ya mwaka 1945.

Timu ilifufuliwa mwaka 1969. Sasa iko daraja la tatu, ambako mchezaji halipiwi karo kwa ajili ya mchezo.