Daftari Lifike Mwaloni

Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, wilayani Kilwa, walimtoa majini samaki aitwaye silikanti, na jina la Tanzania likaandikwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa nchi zenye samaki huyo. Mwaka uliofuata majarife ya Tanga, yaliyotegwa vilindini, yakaanza kuwanasa, hata wakafikia makumi.

Ndugu zetu wa Bariadi na Meatu, walio mbali na maji ya chumvi, huenda wakauliza habari hii inawahusu nini. Wataalamu walidhani silikanti alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa huko walikuwa wakimfahamu tangu zamani kwa jina la gombesa. Walioshangaa ni wenye maabara! Kwa karibu miaka arobaini ikaaminika kwamba Komoro ndiyo maskani yake pekee. Kisha zikafuata Msumbiji mwaka 1991, Madagaska 1995, Kenya 2001, na sisi. Hatuamini kwamba samaki huyo alikuwa akihama nchi baada ya nchi. Ramani ndiyo iliyopanuka, kila mvuvi alipoonyesha alichonasa na kila mtaalamu alipokubali kukiandika. Kwa maandishi hayo Tanga ikapata hifadhi ya silikanti mwaka 2009.

Mkoa wetu nao unagusa Ziwa Viktoria huko Busega, kwenye Ghuba ya Speke. Sangara alipoenea katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilihesabiwa kuwa zimekwisha. Baadhi zikaonekana tena katika miaka ya 1990. Hesabu hizo zilitegemea sana uchunguzi wa Ghuba ya Mwanza. Tungependa kujua ni wazee wangapi wa mialo ya Busega waliopata kuulizwa.

Kwa hiyo tunawataka maofisa wa uvuvi wateremke mwaloni. Kila mwalo uwe na daftari, liandikwe jina la kienyeji la samaki, tarehe, kina na mahali alipovuliwa, na nakala ipelekwe TAFIRI, Mwanza. Tumepata kumsikia ofisa mmoja akimwambia mvuvi aliyeleta samaki mgeni akamchemshe. Ofisa wa namna hiyo aelekezwe upya kazi yake, na daftari lianze kabla ya msimu ujao.