Zimwi Lisilo na Jina

Wazazi wengi huuliza: Je, ni vema kijana kusoma hadithi za kutisha? Nami nasema: tazama kwanza hofu hiyo inampeleka wapi. Sikilizeni habari ya kitabu kimoja.

Mwezi wa Aprili 1815 mlima Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa moto. Ukungu wake ulienea angani ukapunguza nguvu za jua, hata mwaka 1816 nchi za Ulaya zilikosa joto la kiangazi na mazao yakaharibika. Mwezi wa Juni, kando ya ziwa la Geneva huko Uswisi, Waingereza wachache walifungiwa nyumbani na mvua. Usiku walisoma hadithi za mizimu, kisha mshairi Byron akawataka kila mmoja atunge yake. Kati yao alikuwamo Mary Shelley, msichana wa miaka 18. Hadithi yake ilichapishwa mwaka 1818, nayo ni "Frankenstein".

Mwanafunzi Frankenstein anaunganisha viungo vya maiti ili kuumba mtu. Angalieni mwandishi anavyotia hofu. Hapigi kelele. Ni usiku wa Novemba, mvua yagonga madirisha, mshumaa u karibu kwisha. Ndipo jicho la kile kiumbe linafumbuka. Basi! Siri ya kukipa uhai haelezi kamwe. Giza hilo amemwachia msomaji, naye hulijaza kwa hofu zake mwenyewe. Hata bibi zetu kando ya moto, walipofika penye zimwi, walishusha sauti, hawakuipaza.

Lakini hofu kubwa haiko hapo. Frankenstein alipoiona sura ya kiumbe chake, alikimbia. Hakukipa hata jina. Watu wengi hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Kumbe ni jina la yule aliyelikimbia! Kiumbe kikatangatanga porini kwa njaa na baridi. Kikajificha karibu na nyumba ya maskini, kikachungulia penye ufa, na kwa kuwasikiliza kikajifunza kusema. Kilimwona mzee kipofu na watoto wake jinsi walivyopendana, kikatamani kupendwa. Kilipojitokeza, kilipigwa kwa fimbo. Baadaye kikamwua ndugu mdogo wa Frankenstein, mtoto asiye na kosa.

Mary aliyajua machungu ya namna hii. Mama yake alikufa siku chache baada ya kumzaa, na mwaka 1815 yeye mwenyewe alifiwa na mtoto wake wa kwanza, angali mchanga.

Basi, hadithi njema ya kutisha haituachi tukiogopa giza tu. Hutufundisha kuogopa jambo linalostahili kuogopwa. Zimwi hili halikuanza kwa ubaya. Lilianza kwa kukimbiwa.

Kwa hiyo, baba, mwanao akileta nyumbani kitabu kama hiki, usimnyang'anye. Keti naye akusomee, kisha umwulize: nani alikosa kwanza? Nawe ujiulize moyoni: je, yuko mtoto wangu niliyemkimbia, kwa sababu ya ulemavu wake, au ukaidi wake, au kwa sababu alizaliwa nje ya nyumba yangu? Kama yuko, usingoje kesho. Nenda ukamwite kwa jina lake.